Simu ya Kuigiza na Simu ya Mchimbaji

Huko Nyarugusu, kusini ya mji wa Geita, mchimbaji mdogo hapeleki mawe yake yote kwenye kinu kwa kuyatazama kwa macho tu. Kwanza huchukua vipande vichache, akavitwanga vikawa unga, akauosha unga huo kwa maji katika karai, kisha akatazama kama zimebaki chini chembe za rangi ya manjano. Jaribio hilo ni jepesi na la haraka, nalo humwepusha mtu na hasara ya kusaga mawe matupu. Walakini hakuna mchimbaji mwenye busara anayekopa fedha kwa kutegemea karai peke yake. Anajua kwamba vipande vile vichache vyaweza kuwa vimetoka mahali penye bahati, na kwamba hukumu ya kweli juu ya mzigo wake hutolewa baada ya mawe kusagwa, dhahabu kuchenjuliwa na kupimwa kwenye mizani.

Hekima hiyo ya machimboni yawafaa pia vijana wanaojifunza kutunga programu za simu. Wao nao wana majaribio ya namna mbili. La kwanza hufanyika ndani ya kompyuta, kwa kutumia simu ya kuigiza. La pili hufanyika kwa simu yenyewe, mkononi mwa mwenye kuitumia na mahali anapoitumia. Kosa linalotendeka mara nyingi ni kuridhika na lile la kwanza, na kutangaza kwamba programu imekamilika ilhali imepita kwenye karai tu.

Emuleta ni kitu gani?

Simu ya kuigiza huitwa emuleta. Ni programu ya kompyuta inayojifanya kuwa mashine nyingine. Wazo hilo si geni. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360, wateja wake walikuwa tayari wana programu nyingi zilizotungwa kwa ajili ya mashine za zamani. Ili kazi hiyo isipotee, baadhi ya mashine mpya zilipewa uwezo wa kuiga zile za zamani, hata programu za kale zikaweza kuendelea kufanya kazi.

Katika simu, emuleta ilitangulia hata simu zenyewe. Haikuwapo bado simu ya Android dukani Novemba 2007, kampuni ya Google ilipowapa watunga programu vifaa vya kazi, emuleta ikiwa miongoni mwake. Simu ya kwanza ya aina hiyo ilianza kuuzwa Oktoba 2008. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja, basi, watu walitunga na kujaribu programu za simu ambayo hawajapata kuishika. Bila ya emuleta jambo hilo lisingewezekana.

Ni haki kwa hiyo kuanza kwa kuisifu. Mwanafunzi mwenye kompyuta moja aweza kuona programu yake ikiwa katika kioo kidogo na kikubwa, katika Android ya zamani na ya sasa, pasipo kununua simu hata moja. Aweza kuipa emuleta betri iliyokaribia kwisha, simu inayoita ghafla, ujumbe mfupi unaoingia, au mtandao uliopunguzwa kasi. Tena aweza kurudia jaribio lile lile mara mia katika hali ile ile, na kuisimamisha programu katikati ya safari ili kutazama kosa limetokea katika mstari gani. Kurudia jaribio katika hali zisizobadilika ni msingi wa sayansi yoyote. Mtu anayeidharau emuleta, na kuanza moja kwa moja na simu, ni kama mchimbaji anayepeleka kila jiwe kinuni bila ya kuosha hata kipande kimoja.

Mashine isiyo na mwili

Upungufu wa emuleta watokana na jambo moja kubwa: haina mwili. Huiga hesabu za simu, lakini haina betri inayochakaa, haina kioo kinachoguswa, wala haina antena inayotafuta mnara.

Chukua mfano wa wanafunzi wa sekondari waliotunga programu ya kukokotoa thamani ya dhahabu. Mtumiaji anaandika uzito kwa gramu na usafi kwa karati. Programu inazidisha kwa bei ya siku na kutoa jibu. Hesabu yenyewe si ngumu. Dhahabu ya karati 24 ni dhahabu tupu, na ya karati 18 ina sehemu 75 katika kila 100. Katika emuleta programu hiyo hufanya kazi bila ya dosari. Yafaa kuuliza yatakayoipata ikifika Nyarugusu.

Jambo la kwanza ni nguvu ya mashine. Kompyuta nyingi hutumia prosesa za ukoo wa x86, na simu nyingi hutumia za ukoo wa ARM. Ili emuleta isiwe nzito, katika kompyuta za namna hiyo kwa kawaida hupewa Android iliyotengenezwa kwa x86, nayo huazima kasi na kumbukumbu ya kompyuta. Programu iliyofunguka mara moja hapo yaweza kusuasua katika simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, iliyojaa picha na nyimbo. Zaidi ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza masharti yao wenyewe ya kuokoa betri, ambayo huzifunga programu zinazofanya kazi chini kwa chini. Emuleta ya kawaida haina masharti hayo.

La pili ni joto. Simu nyingi hazina feni. Ikiachwa juani simu hupata moto, na prosesa hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mwanga wa kioo nao waweza kushushwa, wakati uleule ambapo jua kali linafanya maandishi yasisomeke. Emuleta haijui jua la saa saba mchana.

La tatu ni kioo. Kioo cha simu ya kugusa hutambua kidole kwa sababu mwili wa mwanadamu hupitisha umeme, na kidole kikikaribia hubadilisha chaji iliyopo juu ya kioo. Maji nayo hupitisha umeme, hasa yakiwa na chumvi au udongo. Kwa hiyo tone la maji laweza kudhaniwa kuwa ni kidole, na kidole chenye tope laweza kisitambuliwe kabisa. Mtu anayetoka kuosha mchanga mwaloni hana kidole kikavu cha mwanafunzi aliyekaa mbele ya kompyuta. Vitufe vidogo vilivyosongamana, ambavyo kwa kipanya cha kompyuta hubofywa bila ya taabu, kwake vitakuwa mtego.

La nne ni mahali. Emuleta huambiwa mahali ilipo kwa kuandikiwa namba, nayo huamini. Simu ya kweli husikiliza mawimbi dhaifu ya setilaiti zilizo umbali wa kilometa zipatazo 20,200 juu ya ardhi. Mawimbi hayo hayapenyi mwamba, na ndani ya duara hayafiki. Hata nje, chini ya mapaa ya bati, namba za mahali zaweza kuhama huku na huko.

La tano ni dogo kwa kulitazama, lakini lina madhara makubwa. Simu iliyopangwa kwa lugha ya Kiingereza huandika gramu moja na nusu kama 1.5. Iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi katika Kongo ya mashariki, huandika 1,5. Programu isiyotarajia mkato yaweza kuuruka na kusoma 15. Kwa kosa hilo gramu moja na nusu ya dhahabu imegeuka kuwa gramu 15. Emuleta ina uwezo wa kupangwa kwa Kifaransa, lakini ni lazima mtu awe amefikiri kuipanga hivyo. Simu ya mgeni aliyekuja kununua dhahabu huja ikiwa imekwisha kupangwa.

Mtandao unapokatika katikati

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayogusa malipo. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha kulipa. Ombi linasafiri kutoka katika simu mpaka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya huduma. Seva inalipa, kisha inarudisha jibu. Jibu likiwa njiani mtandao unakatika. Simu haijui kama fedha zimekwenda au hazikwenda. Mtumiaji anangoja, anaona kimya, anabonyeza tena. Kama programu haikutungwa kwa uangalifu, fedha zitatoka mara mbili.

Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe namba yake ya pekee, ili seva ikiletewa namba ile ile mara ya pili itambue kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika. Lakini ni nani atakayekumbuka kutia dawa hiyo kama hajapata kuuona ugonjwa? Katika emuleta mtandao hukatika pale tu anapoukata mwenye kujaribu, na yeye huukata mahali alipotazamia. Mahali ambapo mawimbi ya mnara yanazuiwa na kilima, mtandao hukatika pasipo kumwuliza mtu. Ndiyo maana inasemwa hapa kwamba emuleta hujibu maswali aliyoyafikiri mtunga programu, na simu ya kweli huuliza maswali ambayo hakuyafikiri.

Ushahidi wa mihogo na wa fedha

Mfano mmoja wa elimu hii umetoka Tanzania yenyewe. Programu iitwayo Nuru ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki. Mkulima huielekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na programu humwambia kama jani lina dalili za ugonjwa, bila ya kuhitaji mtandao. Miongoni mwa magonjwa hayo ni batobato, na ule wa michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa kitaalamu na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Programu ilifundishwa kwa picha za majani zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania.

Watafiti wake hawakuridhika na majaribio ya kwenye kompyuta. Waliipeleka programu shambani ikiwa ndani ya simu, na mwaka 2019 wakachapisha matokeo. Kwa majani yenye dalili zilizo wazi, kipimo cha ubora wa programu kilishuka kwa takriban theluthi moja kilipolinganishwa na kile cha kwenye kompyuta. Sababu kubwa ilikuwa kwamba shambani programu iliziacha dalili nyingi bila ya kuziona. Ni kweli kwamba kompyuta yao haikuwa emuleta hasa, bali picha zilizotengwa kwa ajili ya mtihani. Hata hivyo kanuni ni ile ile. Kamera ya emuleta huona chumba kilichochorwa, au huazima kamera ya kompyuta. Haioni jani linalopeperushwa na upepo, nusu likiwa kivulini na nusu juani. Mkulima atakayeambiwa kwamba muhogo wake ni mzima, kumbe ni mgonjwa, atapanda vipandikizi vyake tena msimu ujao na kuueneza ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Watafiti wale wanastahili sifa kwa kupima tofauti hiyo, na zaidi kwa kuitangaza.

Mfano wa pili watoka Kenya. Huduma ya M-Pesa, kabla ya kufunguliwa kwa watu wote nchini humo mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilijaribiwa kwa watu wa kawaida tangu Oktoba 2005. Iliandaliwa hasa kwa ajili ya kupokea na kurejesha mikopo midogo. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu waliitumia kwa mambo mengine pia, na hasa kwa kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye huduma waliyatazama hayo, wakaibadili shabaha, na kuitangaza kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani. Hakuna emuleta ingeweza kulifunua jambo hilo, kwa maana halikuwamo katika mashine bali katika maisha ya watu.

Hoja za upande wa pili

Wako watakaosema kwamba simu za kweli ni ghali, kwamba aina zake hazihesabiki, na kwamba majaribio ya nje hayarudiwi kwa namna ile ile mara mbili. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kuiacha simu.

Kuhusu gharama, haihitajiki kununua kila simu iliyopo sokoni. Yahitajika simu chache zilizochaguliwa kwa kuangalia walizonazo watumiaji. Simu tatu zilizotumika miaka kadhaa, zenye betri iliyochoka na kioo chenye ufa, zaweza kufundisha zaidi kuliko simu moja mpya ya bei kubwa. Simu za namna hiyo zimo majumbani mwa walimu na wazazi.

Kuhusu wingi wa aina, ziko huduma za kukodisha simu za kweli kwa njia ya intaneti. Mtunga programu aliye Mwanza aweza kuijaribu kazi yake katika simu iliyofungwa kwenye rafu katika nchi ya mbali. Huduma hizo zafaa, kwani simu hizo zina prosesa na kumbukumbu za kweli. Lakini simu iliyo rafuni haipati vumbi, na mtandao wake si ule wa Geita.

Kuhusu kurudia majaribio, hapo ndipo vyombo hivi viwili vinaposaidiana. Kosa likiisha kuonekana kwenye simu, hali iliyolileta iandikwe: kumbukumbu iliyobaki, kiwango cha betri, lugha ya simu, na wakati mtandao ulipokatika. Kisha hali hiyo itengenezwe ndani ya emuleta, kadiri inavyowezekana, na kosa lifuatwe mpaka kwenye chanzo chake. Likiisha kurekebishwa, programu irudi kwenye simu. Emuleta basi ni ya kutafutia kosa na simu ni ya kutolea hukumu. Anayeyabadilisha mafungu hayo hupoteza faida ya vyote viwili.

Jaribio la kufanya shuleni

Somo hili laweza kuonyeshwa kwa vitendo katika shule yoyote yenye kompyuta moja na simu mbili. Wanafunzi wachukue programu ndogo, iwe yao wenyewe au iliyo huru kutumiwa. Kwanza waifungue mara 10 katika emuleta, na kila mara wapime kwa saa sekunde zinazopita mpaka iwe tayari. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa simu, mara 10 darasani, mara 10 kwenye kiwanja cha michezo wakati wa jua, na mara 10 mahali penye mtandao hafifu. Waandike kiwango cha betri kabla na baada, na wakokotoe wastani wa kila fungu. Wajaribu pia kwa kidole kilicholowa, na kwa simu iliyopangwa lugha nyingine. Mwisho wampe simu mtu asiyeijua programu, wakae kimya, na kuandika kila mahali anaposita.

Tahadhari mbili ni za lazima. Majaribio ya malipo yasitumie fedha wala taarifa za mtu yeyote. Tena mwanafunzi asiingie duarani wala mwaloni kwa kisingizio cha sayansi. Hali zote zilizotajwa zapatikana katika uwanja wa shule.

Jedwali litakalopatikana litakuwa na thamani hata kama programu ni ya kitoto. Mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba kitu kimoja, kikipimwa mahali pawili, hutoa majibu mawili, na kwamba kazi ya mwanasayansi ni kueleza kwa nini. Mwalimu wa fizikia atapata hapo mfano wa joto na umeme, na yule wa hisabati atapata mfano wa wastani na mtawanyiko.

Lililo zito zaidi ni haki ya mtumiaji. Mchimbaji wa Nyarugusu anayeuza gramu moja na nusu baada ya wiki nyingi za kazi hana njia ya kuikagua programu iliyo mkononi mwake. Anaiamini kama anavyouamini mzani, na mzani haukubaliwi sokoni kwa kuwa mchoro wake ni sahihi, bali kwa kuwa umepimwa wenyewe na kuthibitishwa. Programu inayogusa kipato cha mtu au shamba lake yapasa kupimwa vivyo hivyo, katika simu aliyonayo na pale alipo, kabla ya kutangazwa kwamba iko tayari.